Je, Uliyemsaidia Ana Deni la Kukuamini?

Somo: 2 Samweli 9



Mwezi wa pili mwaka huu tulichukua mbwa kutoka kituo cha KSPCA kule Karen. Kuku walikuwa wanaibwa, na kwenye geti letu kibao cha "Mbwa Kali" kilikuwa kimekaa miaka minne bila mbwa (uongo ambao mzee mzima wa kanisa nilikuwa naupita kila asubuhi). Mbwa tuliyepewa alikuwa amechanjwa, amehasiwa, afya yake nzuri. Ila shingoni alikuwa na kovu la waya, mviringo mzima. Watoto wakamwita Simba. Simba akashuka kwa gari, akaingia nyuma ya tangi la maji, akakaa huko siku tisa.

Chakula alikula usiku sisi tukiwa tumelala. Nikimkaribia anajikunja, mkia kati ya miguu, anageuza uso, analamba midomo na hakuna kitu anachokula. Siku ya tano nikakasirika, na wala haikuwa kwa sababu ya kuku. Nilijiambia: huyu nimemtoa kwa shida, namnunulia omena, namlipia daktari, na bado ananiangalia kama ni mimi nilimfunga hiyo waya! Siku ya sita nikamfunga kamba, nikamvuta nje ati azoee. Alijikojolea pale pale. Akarudi nyuma ya tangi, na chakula hakugusa siku mbili.

Ndugu mmoja wa seli yetu akaniambia kwa mzaha, "Mzee, hiyo ni roho ya hofu, ikemee." Tulicheka. Lakini neno hilo lilinifuata mpaka kitandani, kwa maana ndivyo tunavyowafanyia watu. Mimi naamini katika kufunguliwa, nimekuona kwa macho yangu, mtu asinisome vibaya. Lakini hofu ya Simba ilikuwa na sababu. Alikuwa na ushahidi mwilini kwamba mkono wa mtu hufunga waya. Hakuwa amekosea. Alifundishwa somo na akalishika vizuri. Sasa ni nani mwenye kazi ya kuleta ushahidi mwingine? Ni yeye, au ni mimi ninayetaka aniamini?

Tazama Mefiboshethi. Alikuwa mjukuu wa Sauli, na katika nyakati zile mfalme mpya alipokaa kitini, watu wa nyumba ya mfalme wa kwanza walikuwa na kila sababu ya kuhofia shingo zao. Alipoitwa kutoka Lo-debari akaanguka kifudifudi mbele ya Daudi, akajiita mbwa mfu. Tukihubiri hapo tunasema alijidharau, hakujua thamani yake. Mimi nasema alikuwa mtu mwenye akili timamu aliyejua historia ya nchi yake. Na kumbuka sura ya nne: alilemaa miguu akiwa na miaka mitano kwa sababu yaya wake alimwangusha wakikimbia. Yule aliyemwangusha alikuwa anamwokoa! Wako wengi katikati yetu ambao hawakuumizwa na adui. Waliumizwa na mtu aliyekuwa anawabeba, tena kwa haraka, tena kwa nia njema.

Daudi alifanya nini? Alimwambia asiogope, ndiyo, mara moja. Lakini hakusimama pale kubishana naye kuhusu hilo neno la mbwa mfu. Alimrudishia shamba la babu yake na akampa nafasi mezani, ale hapo siku zote. Chakula cha leo, kesho, kesho kutwa. Maandiko hayatuelezi ni lini Mefiboshethi aliacha kuogopa. Wala hatuambiwi kwamba Daudi alimwuliza.

Daktari wa mifugo alinieleza karibu jambo hilo hilo bila kufungua Biblia. Keti chini, akasema, umpe ubavu, usimkodolee macho. Mlishe saa ile ile kila siku. Mwache yeye ndiye aje. Akija, usipeleke mkono juu ya kichwa, kwa sababu mkono unaotoka juu anaujua. Mguse kifuani, na kidogo tu. Na akinguruma usimpige, kwa maana mngurumo ndiyo njia yake ya kukuonya. Ukimfundisha kunyamaza, siku nyingine atauma bila onyo.

Hapo pa mkono juu ya kichwa nilinyamaza. Jumapili mgeni anaingia kwetu mara ya kwanza, hatujui ametoka wapi, tunamsimamisha, tunampa maiki ajieleze, na kabla ya ibada kuisha mikono sita iko kichwani mwake. Asiporudi tunasema alikuwa mgumu wa moyo.

Na nilinyamaza kwa sababu nyingine. Miaka kadhaa iliyopita tulimchukua binti wa marehemu dada yangu. Alikuwa anaficha chapati chini ya godoro. Mimi mjomba wake nikazitoa, nikaziweka mezani mbele ya watoto wote, nikamwuliza, "Kwani hapa unanyimwa nini?" Nilidhani namfundisha kuamini. Alipomaliza shule alienda, na akinipigia simu ni ya heshima tu: shikamoo mjomba, hamjambo, haya. Alinguruma, nami nikamwadhibu kwa kunguruma.

Mtu ataniuliza: tungoje mpaka lini? Na asipoamini kamwe? Kusema ukweli, inawezekana. Kama wema wangu unahitaji kulipwa kwa kuaminiwa, basi hiyo ilikuwa biashara, na ningemwambia bei mapema. Lakini kungoja si kujifanya kwamba hakuna hatari. Simba hatumwachi na watoto wa wageni, na ua una kufuli. Hilo halimkosei heshima.

Siku ya kumi alitoka. Nilikuwa nimeketi juu ya ndoo nimempa ubavu, nasoma gazeti la juzi, akanusa kiatu changu akarudi. Ilichukua mpaka mwezi wa tano kulala mlangoni. Binti yetu naye nilimpigia wiki jana. Sikumwuliza kwa nini haji. Nilimwambia kwamba zile chapati nilikosea. Akanyamaza muda mrefu, kisha akauliza mbwa anaitwa nani.

Hata leo mtu akiinua ufagio, Simba anakimbilia nyuma ya tangi. Mama watoto sasa anafagia uani wakati ametoka na vijana, na ufagio tumeuhamishia nyuma ya jikoni.