Mtu na Neno Lake

Neno la mtu lina thamani gani? Swali hili ni la kale, na jibu lake moja limo katika alama ya maandishi.

Wakorea waliandika kwa alama za Kichina kwa karne nyingi, hata mwaka 1446 Mfalme Sejong alipowatangazia watu wake herufi zao wenyewe. Alama zile hazikutoweka, na maneno mengi ya Kikorea asili yake ni huko. Mojawapo ya alama hizo ni 信, ambayo Wakorea huitamka “sin”. Maana yake ni uaminifu. Kushoto kwake yuko mtu. Kulia liko neno. Xu Shen, mwanachuoni wa China aliyetunga kamusi yapata mwaka 100, alieleza kwamba mtu na neno wakiungana huzaliwa uaminifu.

Katikati ya mji wa Seoul liko jengo la kengele liitwalo Bosingak, jina alilolitoa Mfalme Gojong mwaka 1895, na ndani ya jina hilo imo alama yetu. Kwa karne nyingi kabla ya hapo kengele ya mji ilipigwa usiku malango yafungwe, ikapigwa tena alfajiri yafunguliwe. Watu hawakumwona mpigaji. Waliisikia sauti, wakaiamini. Kama angalipiga apendavyo, msafiri angalilala nje ya mji bila kosa lake. Kumbe uaminifu ndio uwawezeshao watu wasioonana kuishi pamoja.

Lakini hapana budi niseme jambo moja. Wataalamu wengi wa siku hizi huona kwamba mtu katika alama ile aliwekwa kuonyesha matamshi, wala si maana. Ningaliweza kulificha hilo ili maelezo yangu yapendeze zaidi. Lakini nani awezaye kufundisha uaminifu kwa hila?

Je, fundisho limeanguka? La, hasha. Wajibu wa kutimiza neno haukuzaliwa na wino. Wazee wetu, ambao hawakupata kuiona alama hiyo, walisema kwamba ahadi ni deni. Watu wa mbali na watu wa karibu wamefika mahali pamoja kwa njia mbalimbali, kwa sababu wote wamepata kuonja uchungu wa kudanganywa.

Basi, msomaji, ukitoa neno lako, usiliache peke yake. Simama kando yake mpaka litimie.