Ng'ombe kachomwa sindano, mnunuzi kaambiwa?



Hapa Tabora, kuanzia Gongoni hadi Isevya, maziwa mengi tunaletewa mlangoni kwa baiskeli. Mama anatoa sufuria, anapimiwa, basi. Siku hizi nasikia barazani baada ya swala watu wakisema maziwa ya ng'ombe wa kisasa yamejaa homoni. Tusiseme tusiyoyajua.

Maziwa yote yana homoni. Mwenyezi Mungu ndivyo alivyomuumba mnyama. Ndama akinyonya, mwili wa mama hutoa oksitosini, na maziwa yakashuka. Ndiyo maana ng'ombe wetu wa asili hutangulizwa ndama kwanza. Huko India, baadhi ya wafugaji wa nyati wa maziwa waliona ndama ni hasara, wakaweka sindano ya oksitosini mahali pake, hata mnyama akazoea na kukataa kutoa maziwa bila kuchomwa. Marekani iliruhusu mwaka 1993 homoni nyingine ya kuongeza maziwa ya ng'ombe. Kanada iliikataa mwaka 1999, na Umoja wa Ulaya nao ukaipiga marufuku, kwa sababu inamtesa mnyama na kumzidishia ugonjwa wa kiwele.

Kwetu mimi naihofia zaidi sindano nyingine, ile ya tiba. Kiwele kikivimba, ng'ombe huchomwa penisilini au oksitetrasaiklini, na dawa hiyo hutoka na maziwa kwa siku kadhaa. Maelezo ya dawa hutaja siku za kungoja kabla ya kuuza. Kuchemsha hakuiondoi yote. Mwenye mzio wa penisilini anaweza kudhurika, vijidudu vinajifunza kuishinda dawa, na wakati mwingine mama anashangaa tu kwa nini mtindi wake haugandi.

Sasa sikilizeni sharia. Katika Bukhari na Muslim imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza kuacha kumkamua ngamia au kondoo ili kiwele kijae na mnunuzi adhani ana maziwa mengi. Aliyenunua hivyo ana hiari akishamkamua: abaki naye, au amrudishe pamoja na pishi ya tende. Angalieni, maziwa yale yalikuwa safi kabisa, hayakuwa na dawa wala maji. Kosa lilikuwa kuficha. Basi vipi anayeficha kitu kitakachoingia tumboni mwa mtoto?

Mji huu ulikuwa kituo kikuu cha misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji. Uislamu ulifika Unyanyembe na wafanyabiashara waliochukua bidhaa za mkopo kutoka Unguja, wakaaminiwa kwa miezi mingi. Misafara hiyo ilibeba pia dhulma ya utumwa, tusijidanganye. Lakini hapa dini yetu imefungamana na biashara tangu mwanzo, na mwenye mzani anatazamwa kuliko mwenye kilemba.

Najua mfugaji atasema: ng'ombe anatoa lita tano, nikingoja siku tatu nimepoteza lita kumi na tano, na ada ya shule inadaiwa. Ni kweli, hasara hiyo inauma. Ndiyo sababu nawageukia wanunuzi. Muulizeni mwenye baiskeli ng'ombe katibiwa lini. Na siku akikuambia, "Leo sina, ng'ombe yuko kwenye dawa," usimhamie mwingine. Mngoje, na ukiweza mlipe ya wiki ijayo leo hii.