Jiwe la Nyiragongo Lina Kazi Uani Kwako

Mkaaji wa Goma, okota jiwe moja jeusi hapo uani, lile jepesi lenye vitundu kama mkate. Januari 17, 2002 mawe ya namna hiyo yalikuwa moto unaotiririka kutoka volkano ya Nyiragongo. Yalipita katikati ya mji, yakameza nyumba na maduka, yakaenda kuzimikia katika Ziwa Kivu. Mei 22, 2021 moto ulishuka tena, ukafika Buhene, na sehemu kubwa ya mji ikabaki bila maji ya bomba. Mawe haya tumeyavunja kwa nyundo na kuyajengea kuta. Tumeyalaumu pia, kwa kuwa jembe haliingii. Mimi nasema kazi yake kubwa bado hatujayapa.

Mwaka 2014 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilitoa mwongozo wa akwaponiki ndogo, yaani ufugaji wa samaki na kilimo cha mboga kwa maji yale yale. Mwongozo huo unasema kokoto za volkano ndizo zinazopendwa kuliko zote kwa vitanda vya mboga vya aina hii. Siri iko kwenye vitundu. Ukijumlisha nyuso zote katika mita moja ya ujazo ya kokoto hizo, unapata eneo la takriban mita za mraba 300, na kila sehemu ni makazi ya bakteria. Kuna watu duniani wanazinunua kokoto hizi kwa gunia. Wewe umejenga juu yake!

Bakteria hao ndio wafanyakazi wako. Samaki anakula, anatoa amonia, na amonia ikizidi inamuua. Ndiyo maana mwenye pipa la samaki nyumbani kila mara anamwaga maji na kuchota mengine. Yapitishe maji hayo kwa pompa kwenye kitanda cha kokoto chenye kina cha sentimita 30: kundi la kwanza la bakteria linageuza amonia kuwa nitriti, kundi la pili linageuza nitriti kuwa nitrati, na nitrati ndiyo chakula cha lengalenga. Mboga inakula, maji yanarudi kwa samaki yakiwa safi.

Sasa hesabu ya mama anayenunua maji kwa bidoni. Tangi la lita 1000 linalozunguka hivi hupoteza asilimia 1 hadi 3 kwa siku kwa mvuke na kwa majani ya mboga. Hiyo ni lita 10 hadi 30, wastani wa bidoni moja ya lita 20. Bidoni moja kwa siku, upate samaki na mboga juu ya mwamba! Usijaze samaki kupita kiasi: anza na kambale 20 utakaowavua wakifika nusu kilo, maana tangi kama hilo linabeba vizuri kilo 10 za samaki. Wakikua na wote pamoja wakila gramu 100 za chakula kwa siku, wanalisha mita 2 za mraba za mboga za majani.

Kwa nini kambale, wakati kila mtu anataka tilapia? Tilapia hukua vizuri kwenye maji ya nyuzi 26 hadi 30, na Goma iko karibu mita 1500 juu ya usawa wa bahari, usiku kuna baridi. Kambale naye hupenda joto, atakua polepole pia, lakini ana jambo moja linaloufaa mji wetu: anapanda juu na kuvuta hewa. Umeme ukikatika usiku na pompa ikasimama, tilapia waliobanana wanaweza kufa kabla ya alfajiri. Kambale anakungojea. Na kama huna pompa, chota maji ya tangi kwa ndoo, mimina kitandani mara kadhaa kwa siku, yaache yachuje yarudi yenyewe. Weka samaki wachache zaidi, kazi inakwenda.

Hapa naomba unisikilize kwa makini, kwa sababu ndipo wengi watakapokatia tamaa. Maji ya Ziwa Kivu yana pH karibu na 9. Kwenye maji ya namna hiyo, zaidi ya robo ya amonia inakuwa katika hali ya sumu kali. Kwenye pH 7 haifiki hata asilimia 1. Kwa hiyo ukichota maji ziwani na kutupia samaki siku hiyo hiyo, unaweza kuwaokota wakielea. Changanya na maji ya mvua. Mvua ya kwanza baada ya ukame iache ipite, hasa ukiwa upande wa Rusayo na Sake, ambako moshi wa volkano huitia asidi na floridi. Maji ya bomba yaache wazi siku mbili klorini itoke. Kisha subiri wiki 4 hadi 6 bakteria wajijenge, ukiwa na samaki wawili watatu tu, ukiwalisha kidogo sana. Majani machanga yakianza kuwa manjano, mara nyingi ni chuma kimekosekana, si laana. Na mboga zote zipike, usile mbichi.

Chakula cha samaki ndicho bado kitakufunga kwa muuza duka, na hapo ndipo pa kupigania. Vichwa vya sambaza, wale samaki wadogo wa Kivu, vikaushwe na kusagwa. Maganda ya ndizi na masazo ya jikoni yawekwe kwenye ndoo yenye kifuniko cha matundu, nzi askari mweusi atage, funza wake walishwe kambale. Hata sambaza tunayoiita yetu ililetwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Watu waliibeba, wakaimwaga, na leo ndiyo mboga ya mnyonge. Samaki wa mji huu aliwahi kuletwa kwa mikono ya watu. Mikono yako ina upungufu gani?

Najua unayoyapitia. Januari 2025 vita viliingia mjini, benki zikafungwa, uwanja wa ndege ukafungwa, na kila barabara ikikatika bei ya chakula inapanda sokoni Virunga. Kambale 20 hawatamaliza hayo. Lakini chungu cha Jumapili kisichongoja lori ni heshima ndani ya nyumba, na heshima hiyo inaweza kuanza wiki hii: kusanya mawe mepesi, yavunje yawe na ukubwa wa milimita 8 hadi 20, yaoshe mpaka maji yatoke meupe.

Na ukivunja, vunja ya ziada. Kitanda chako kikikomaa, toa ndoo moja ya kokoto zenye bakteria umpe jirani, wewe ujazie mpya. Zake zitaanza kazi mapema kuliko zako zilivyoanza, na mwezi ujao naye atampa wa nyumba ya pili, kutoka Ndosho hadi Majengo.