Subira ya Kuuma Meno

Katika maneno tunayowarithisha watoto wetu, ni machache tunayoyarudia kama neno subira. Mvumilivu hula mbivu. Subira yavuta heri. Methali hizi nimezifundisha darasani kwa zaidi ya miaka thelathini, na nikipewa chaki leo nitazifundisha tena. Lakini kuna swali moja ambalo hakuna mwanafunzi aliyepata kuniuliza, nalo ndilo ningependa tulitafakari pamoja, msomaji wangu: je, kila uvumilivu ni wema? Mtu anayebeba maumivu ambayo yangeweza kuondolewa, je, anatenda jambo la kusifiwa, au anabeba mzigo tu?

Swali hili sikuletewa na kitabu, bali na taya langu. Nilipotimiza miaka sabini na miwili nilianza kuumwa mbele ya sikio la kushoto. Nikipiga mwayo, kiungo kililia kama kijiti kikavu kinachovunjwa. Asubuhi niliamka panja zinanigonga. Makande yakawa adui, na muwa nikauaga kabisa. Daktari wa meno alinitazama kwa makini, asione jino bovu; sikio nalo likakutwa zima. Akaniandikia karatasi niende kwenye tiba ya viungo, ile inayoitwa fiziotherapia hospitalini, ambayo wengi wetu tunaijua kwa waliovunjika miguu na waliopata kiharusi.

Kiungo cha taya kinastahili kutazamwa kwa heshima. Weka vidole vyako mbele ya masikio yote mawili, kisha fungua mdomo polepole. Utasikia vichwa vya mfupa vikizunguka kwanza kama bawaba ya mlango, halafu vikiteleza kwenda mbele. Kati ya mfupa na mfupa kuna kisahani cha gegedu kinachoufuata mwendo huo. Na kwa kuwa taya la chini ni mfupa mmoja, cha kulia hakiwezi kwenda popote pasipo cha kushoto kuhusika. Mtu mwenye afya aghalabu huweza kuingiza vidole vyake vitatu, vimepangwa kwa wima, kati ya meno ya juu na ya chini. Mimi viliingia viwili kwa shida.

Mtaalamu aliyenipokea alikuwa binti wa umri wa wajukuu zangu. Baada ya shikamoo na marahaba aliniuliza jambo moja: "Mwalimu, hivi sasa meno yako yamegusana?" Yalikuwa yamegusana, tena yamebanana. Akanieleza kwamba mtu aliyetulia, midomo yake hufungwa lakini meno huachana, na ulimi hupumzika juu kwenye kaakaa, nyuma ya meno ya mbele. Meno hukutana wakati wa kutafuna na kumeza, na saa nyingine zote hayana kazi ya pamoja. Anayeyabana mchana kutwa, au kuyasaga usiku usingizini, anaitumikisha misuli ya taya bila likizo. Kisha akanipa kazi ya nyumbani, mimi niliyetoa kazi za nyumbani maisha yangu yote: niwe na daftari dogo, na kila nikijikuta nimebana meno niandike saa na mahali.

Daftari lile lilisema mambo wazi. Meno yangu hayakubanana wajukuu walipopiga kelele, wala redio ilipotoa habari mbaya. Yalibanana hasa nilipokaa kwenye benchi la ofisi moja, nilikokuwa nikifuatilia mapunjo ya malipo yangu ya uzeeni. Pale niliambiwa faili halionekani, kisha mwenye faili yuko safarini, kisha nije mwezi ujao. Na kila aliyeniambia hivyo alimalizia kwa adabu: "Uwe na subira, mzee." Neno lile lile nililolifundisha! Na kila liliposemwa, meno ya juu yalikutana na ya chini.

Hapa ndipo ugumu wa kimaadili ulipo. Ikiwa mtu amebana meno kwa sababu anapunjwa haki yake, je, kumwambia alegeze taya si kumwambia akubali kupunjwa? Rafiki yangu mmoja, mwalimu mstaafu mwenzangu, aliniwekea hoja hiyo waziwazi. "Hao wanakutuliza," alisema. "Mwanamume hujikaza. Ukilegea, umeshindwa." Hoja yake si ya kudharauliwa. Tumelelewa hivyo. Jandoni, kwa makabila mengi yetu, kijana asiyekunja uso ndiye aliyeimbiwa. Unyagoni binti aliambiwa kwamba ndoa ni kuvumilia.

Hata hivyo nakataa hitimisho lake, kwa sababu rahisi sana: mdomo uliobanwa hausemi. Meno yangu yalipokuwa yamebanana benchini, nani alijua kwamba nina shauri? Karani hakujua. Mkuu wake hakujua. Walimwona mzee mpole anayesubiri. Nguvu niliyoitumia kujizuia ilikuwa nyingi, lakini yote iliishia katika misuli ya shavu langu, wala haikusogeza faili hata shubiri moja. Kumbe kubana meno ndiko kulikofanana na kukubali, ingawa kwa ndani kulionekana kama kupigana. Anayelegeza taya yuko tayari kunena. Kwa hiyo niliandika barua yenye tarehe na hesabu, nikapeleka nakala ngazi ya juu, na nilipoambiwa nisubiri niliuliza mpaka tarehe gani, na mbele ya nani. Sehemu ya malipo imetoka. Nyingine bado ninaidai, lakini sasa ninaidai kwa mdomo.

Tena kuna jambo la haki katika mgawo wa subira. Tazama ni nani huambiwa asubiri: mgonjwa na si mganga, mwombaji na si mwenye ofisi, mke zaidi ya mume, mdogo zaidi ya mkubwa. Kwenye benchi la tiba ya viungo wengi tuliokaa nao kwa ajili ya taya walikuwa wanawake, na wataalamu husema kwamba ndivyo ilivyo duniani, kwamba maumivu haya huwapata wanawake zaidi ya wanaume. Sababu zake ni nyingi, nami sitasema kwamba ndoa ndiyo inayoumiza mataya. Nasema tu kwamba yule ambaye jamii imemfundisha kunyamaza ndiye atakayechelewa kwenda hospitali, kwa kuwa hata maumivu yake atayahesabu kuwa sehemu ya wajibu. Wahenga walilijua hili waliposema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua.

Je, basi tuitupe subira? La hasha. Yapo maumivu yenye mazao, kama ya mama anayejifungua, au ya mwalimu kijana aliyepangwa shule ya mbali isiyo na nyumba wala barabara. Yapo pia maumivu yasiyo na dawa, kama kufiwa, na kama uzee wenyewe. Hayo huna budi kuyabeba, na kuyabeba vizuri ni heshima. Lakini maumivu yasiyo na mazao na yenye dawa, kuyabeba si wema. Mtu mzima hana budi kujifunza kuyatofautisha, na kazi hiyo hawezi kumwachia yule anayenufaika na ukimya wake.

Tiba yenyewe ndiyo iliyonionyesha subira ya namna ya pili. Hakukuwa na kisu wala sindano. Kulikuwa na kitambaa cha maji ya uvuguvugu, vyakula laini kama mtori na viazi, kukandwa misuli ya shavu, na mazoezi madogo sana: kupiga kidoko na kuuacha ulimi juu, kufungua mdomo polepole ulimi ukiwa kwenye kaakaa, kusukuma kidevu kidogo dhidi ya vidole viwili. Upo mpango unaojulikana kwa jina la mtaalamu wa Chile, Mariano Rocabado: mazoezi sita, kila moja mara sita, mara sita kwa siku. Ukizidisha utapata vitendo 216 vya kila siku, na hakuna hata kimoja kitakachomshangaza jirani. Udogo huo usidharauliwe. Mwaka 2023 jarida la kitabibu la BMJ la Uingereza lilitoa mwongozo kuhusu maumivu sugu ya taya, ambamo mazoezi yanayosimamiwa, kunyooshwa taya kwa mkono wa mtaalamu na kumwelimisha mgonjwa vilipendekezwa kwa uzito, huku upasuaji wa kuondoa kile kisahani cha gegedu ukikatazwa.

Wazee wetu husema mgonjwa haulizwi uji. Kwa tiba hii mgonjwa huulizwa, tena huulizwa kila wiki: umefanya? Yule binti hakuweza kulifanyia taya langu mazoezi akiwa kwake nami nikiwa kwangu. Uponyaji wangu ulikuwa mikononi mwangu kwa sehemu kubwa, na baada ya miezi miwili kidole cha tatu kiliingia. Hiyo nayo ni subira, lakini ni subira inayotenda. Ya kwanza husubiri mambo yabadilike. Ya pili huyabadilisha kidogo kidogo, kama haba na haba inavyojaza kibaba.

Nawaomba wasomaji wasilichukue neno langu mahali pa daktari. Taya lililokwama lisifunguke wala kufungika, au lenye uvimbe na homa, lipelekwe hospitali. Na maumivu ya taya yanayoambatana na kubanwa kifua yapelekwe mara moja, kwani huenda yakatoka moyoni.

Lakini kwa siku za kawaida, mtu akikuambia uwe na subira, jiulize maswali mawili kabla ya kumwitikia. Je, jambo hili lina dawa? Na ninaposubiri, kuna ninachokitenda? Ukiona kwamba dawa ipo na wewe hutendi kitu, angalia meno yako. Pengine yamebanana, nawe una neno la kusema.