Mzigo wa Mtafiti ni wa Nyumba Nzima

Je, mzazi mwenye watoto wadogo aweza kusomea shahada ya uzamivu katika maradhi ya saratani bila kuibomoa nyumba yake? Wengi hujibu upesi kwamba haiwezekani, hasa mzazi huyo akiwa mama. Tutazame kwanza nyumba moja ya Paris.

Mwezi wa Septemba 1897 Marie Curie alimzaa binti yake wa kwanza, Irène. Majuma mawili baadaye mama mkwe wake alifariki kwa saratani ya titi. Ndipo baba mkwe, Eugène Curie, aliyekuwa mganga, alipohamia kwao akawa mlezi wa mjukuu. Mwishoni mwa mwaka huo mama huyo alianza utafiti wa shahada yake, na mwaka 1898 yeye na mumewe, Pierre, walitangaza kwamba wamegundua radiamu. Walifanya kazi katika banda bovu lililovuja. Naye nyumbani aliandika daftarini uzito wa mtoto na meno yaliyomwota. Shahada aliipata Juni 1903. Radiamu ile ikaja kutumika kuunguza uvimbe wa saratani, ikawa mojawapo ya misingi ya matibabu ya mionzi wanayopewa leo wagonjwa wetu huko Ocean Road, Dar es Salaam.

Hatumtaji kwa ajili ya ibada, maana dini aliyolelewa aliiacha. Twamtaja kwa kuwa kazi ile haikubebwa na mtu mmoja. Babu yule hakuona kwamba kulea mjukuu kwamshushia heshima. Basi ninyi ndugu mnaosema, “Huyu ameolewa na vitabu,” mmewahi kumshikia mtoto wake hata Jumamosi moja?

Wewe nawe unayesoma, usijidanganye. Wingi wa wagonjwa watakaopona haukuondolei wajibu wa mzazi. Katika mfano wa talanta, Bwana alimkemea aliyefukia alichopewa. Akili ni talanta, na mtoto vilevile ni amana; mtu asifukie kimoja kwa kisingizio cha kingine. Wala usiuharibu mwili wako: Marie alikufa mwaka 1934 kwa ugonjwa wa damu unaodhaniwa kuletwa na mionzi aliyoishika miaka mingi.

Kwa hiyo, kabla ya masomo kuanza, kaeni pamoja, mume, mke, wazee na ndugu, mkaulizane wazi: Nani atawapeleka watoto shuleni? Nani ataamka usiku mtoto akiugua? Mwanafunzi naye atenge saa ya chakula cha jioni na sala, na siku ya Dominika, ambazo maabara haitazigusa pasipo dharura ya kweli. Asiyeweza kulea achange nauli au unga.

Mwenyezi Mungu azijalie nyumba zetu moyo wa kusaidiana, ili mgonjwa apate tiba na mtoto asimkose mzazi wake.