Nguo Alizozishona Dorkasi

JUMATANO

*Soma Matendo 9:36–42. Wajane walimwonyesha Petro nini, na kwa nini walichagua kumwonyesha hicho?*

Luka anamwita Dorkasi mwanafunzi kwa neno la Kiyunani la kike ambalo halipatikani mahali pengine popote katika Agano Jipya. Hata hivyo, hatuna neno lake hata moja. Tulicho nacho ni kanzu na nguo. Tena kitenzi alichotumia Luka chaweza kumaanisha kwamba wajane walimwonyesha Petro nguo walizokuwa wamezivaa. Hawakuhitaji kufungua sanduku, kwa maana kazi ya marehemu ilikuwa miilini mwao.

Katika kanisa moja huko Mbagala, wilaya ya Temeke, alikuwako dada fundi cherehani. Vipande vya vitenge ambavyo mafundi wengine huvitupa, yeye aliviunga vikawa foronya, vitambaa vya meza na magauni ya watoto, kila moja kwa mtindo wake. Sare za kwaya alizibuni mwenyewe, kola na yote. Ijumaa jua likielekea kuzama aliifunika cherehani yake, hata kama mteja wa harusi amesimama mlangoni akilalamika.

Alipogusa uvimbe katika titi lake, alimwambia rafiki mmoja tu. Alihofia kukatwa titi, akahofia na maneno ya mtaani. Rafiki akasema, “Dada, tuombe.” Wakaomba, tena kwa machozi. Kwa kuwa uvimbe haukuuma, miezi ikapita. Alipofika Taasisi ya Saratani Ocean Road, ugonjwa ulikuwa umekwisha kusambaa. Siku ya mazishi kwaya ilisimama kuimba ikiwa imevaa sare alizozishona. Rafiki yake, aliyekuwa safu ya mbele, aliinamia upindo wa sketi yake na hakuweza kuimba. Sabato iliyofuata hakuonekana kanisani.

*Soma 2 Wafalme 20:5–7. Hezekia alikuwa ameahidiwa kupona. Kwa nini basi Isaya aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu?*

Marafiki wale wawili hawakukosea kuomba. Lakini sala ingeweza kusemwa ndani ya daladala wakielekea hospitali, na Mungu angeisikia vilevile. Katika nchi yetu saratani ya titi ni ya pili kwa wanawake baada ya ile ya shingo ya kizazi, na wengi hufika hospitali wamechelewa. Mara nyingi uvimbe wake hauumi mwanzoni, na ndiyo sababu hudharauliwa. Ngozi ya titi ikiwa kama ganda la chungwa, chuchu ikiingia ndani au kutoa damu, hayo nayo yasingoje maumivu. Wanaume pia hupata ugonjwa huu, ingawa ni wachache.

*Linganisha Matendo 8:2 na Matendo 9:40. Stefano alizikwa, Dorkasi akafufuliwa. Je, Stefano alipungukiwa imani?*

Wako watakaomwambia mfiwa kwamba imani haikutosha. Kitabu cha Matendo hakisemi hivyo. Watu watauwa walimzika Stefano na kumlilia sana, na hakuna aliyewakemea. Petro naye, alipofika Yafa, hakuwakaripia wajane kwa machozi yao. Dorkasi alipofumbua macho alimwona Petro, akaketi. Luka hataji kwamba alisimulia habari za mahali alikokuwa, kwa kuwa alikuwa amelala (Mhubiri 9:5, 6). Fundi wa Mbagala naye amelala. Hatazami kutoka juu kuona nani alimshauri vibaya, wala hana kinyongo. Sauti atakayoisikia kwanza ni ile ya 1 Wathesalonike 4:16.

Hilo rafiki yake alilijua tangu ubatizo, ila ilimchukua muda kulipokea. Aliporudi Shule ya Sabato aliketi benchi la nyuma. Hakuna aliyemuuliza alikokuwa. Mama mmoja wa Dorkasi alisogea tu, akaketi karibu naye.

*Kama rafiki huyo angekuwa katika kikundi chenu Sabato hii, ni maneno gani mngeyazuia vinywani mwenu? Na dada aliyegusa uvimbe juma hili, nani kati yenu atamsindikiza hospitali Jumatatu asubuhi?*