Mafundi Wasiodaiwa Hesabu

Soma 2 Wafalme 12:4–16. Ni jambo gani katika fungu la 15 linaloweza kumshangaza mtu aliyewahi kusimamia fedha za kanisa au za kazini?

Nyumba ya Bwana ilikuwa imebomoka mahali pengi. Mfalme Yoashi aliagiza makuhani wapokee fedha za watu na kuitengeneza, lakini hadi mwaka wa 23 wa kutawala kwake kazi hiyo haikuwa imefanyika. Ndipo kuhani Yehoyada akachukua kasha, akatoboa tundu kwenye kifuniko chake, akaliweka karibu na madhabahu. Fedha zilipokuwa nyingi, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walizihesabu na kuzifunga mifukoni. Kisha zilikabidhiwa kwa wasimamizi wa kazi, nao wakawalipa maseremala, wajenzi, waashi na wakata mawe, wakanunua mbao na mawe ya kuchonga. Wasimamizi hao hawakudaiwa hesabu, kwa sababu walitenda kwa uaminifu. Vizazi kadhaa baadaye, katika siku za Yosia, mambo yalifanyika vivyo hivyo (2 Wafalme 22:3–7).

Wengine huisoma habari hii kana kwamba inaagiza kumwamini kila mtu na kutokagua chochote. Sivyo ilivyo. Kasha lilikuwa na kifuniko, na waliohesabu walikuwa wawili. Ukaguzi ulikuwapo, ila uliwekwa pale fedha zilipoingia. Zilipofika mikononi mwa wenye ujuzi, mkono wa mfalme ukaishia hapo. Habari haimtaji mtumishi yeyote wa ikulu aliyesimama nyuma ya mwashi kumwonyesha jiwe lipi litangulie.

Lakini mbona makuhani nao waliaminiwa, na kazi ikalala miaka yote hiyo? Andiko halisemi kwamba waliiba. Linaloonekana ni kwamba walipewa kazi mbili kwa pamoja, kukusanya na kujenga, na ya pili haikuwa ufundi wao. Kumwachia mtu uamuzi katika kazi asiyoijua, bila mafundi na bila fungu la fedha lililotengwa, si kumheshimu. Ni kumtupia mzigo.

Swali la nani aachiwe uamuzi lilijibiwa kwa namna nyingine katika viwanda vya karne ya 20. Mwaka 1911 mhandisi wa Marekani, Frederick Taylor, alichapisha kitabu kilichotaka mipango yote ya kazi ifanywe na uongozi, na mfanyakazi atekeleze alichopangiwa. Viwanda vingi vilifuata mkondo huo. Huko Fremont, California, kiwanda cha magari cha General Motors kilifungwa mwaka 1982, kikijulikana kwa utoro wa wafanyakazi na ugomvi kati yao na uongozi. Mwaka 1984 kilifunguliwa tena kwa ubia na Toyota, na wengi wa walioajiriwa walikuwa wale wale wa zamani. Mamia walipelekwa Japani kujifunza.

Katika utaratibu mpya kila mfanyakazi alikuwa na kamba karibu naye. Aliyeona kasoro aliivuta, kiongozi wa kikundi akaja mara moja, na tatizo lisipotatuliwa kwa wakati, mstari mzima wa kuunganisha magari ulisimama. Zamani kuusimamisha mstari lilikuwa jambo la kuogopwa, hata gari likipita na kasoro inayoonekana kwa macho. Haukupita muda mrefu, magari ya Fremont yakasifiwa kwa ubora uliokaribia ule wa Japani. Ikumbukwe kwamba hakuna aliyeachiwa kufanya apendavyo. Hatua za kazi zilikuwa zimeandikwa kwa undani kuliko hapo awali. Walichopewa ni haki ya kusema "simama" na kusikilizwa.

Si lazima mtu awe na kiwanda ili jambo hili limhusu. Zipo nyumba za waumini ambamo sukari hufungiwa kabatini kwa kufuli, huku mtoto mchanga akiachwa mikononi mwa dada wa kazi tangu alfajiri hadi jioni. Mtoto akipandisha homa saa nne asubuhi, dada huyo hawezi kumpeleka zahanati kabla ya kumpigia mama, na simu ya mama imezimwa kwa kuwa yuko kikaoni. Nauli hana. Akienda bila ruhusa, huenda akafukuzwa. Asipoenda, mtoto anazidiwa. Mwajiri huyo tayari amemkabidhi kilicho cha thamani kuliko vyote nyumbani. Alichomnyima ni uwezo wa kukilinda.

Soma Mwanzo 39:4–9. Yusufu alimjibuje mke wa Potifa? Sababu ya kwanza aliyoitaja ni kwamba bwana wake alikuwa ameweka kila kitu mkononi mwake, wala hakuwa akimfuatilia. Imani aliyopewa ikawa ngao yake siku ya kujaribiwa. Hata hivyo Potifa huyo huyo, aliposikia mashtaka, alimtia gerezani, na habari haisemi kwamba alimpa nafasi ya kujieleza. Wapo waajiri wa namna hiyo: huachia kila kitu, lakini siku ya neno la kwanza la lawama husahau miaka yote ya uaminifu.

Upo pia upande wa mwajiriwa. Katika Mathayo 25:14–30 bwana aligawa mali kwa kadiri ya uwezo wa kila mmoja, akasafiri bila kueleza ifanyiwe biashara ya aina gani, na aliporudi alitaka hesabu. Mtumwa wa tatu alijitetea kwamba aliogopa. Bwana hakuukubali utetezi huo, wala haifai kuulainisha. Lakini mwajiri Mkristo anayesoma mfano huu ana la kujiuliza: kazini kwake, aliyejaribu akakosea kwa nia njema hutendewaje, akilinganishwa na yule aliyefukia talanta yake na kungoja aambiwe? Wafanyakazi hulijua jibu mapema, na wengi huanza kuchimba shimo.

Kwa majadiliano darasani: Mwajiri aliyeibiwa mwaka jana anasema hatamwachia mtu uamuzi tena. Utaratibu wa kasha la Yehoyada unaweza kumsaidiaje? Na yule dada wa kazi, ni maamuzi gani yanayopaswa kuwa yake mama asipopatikana, na je, amewahi kuambiwa hivyo na kuachiwa nauli?